Maji ya Mujomba na Mbuzi wa Tabora

Mikelenge, Kindu, 3 Februari 1942

Kwa Yaya Bulaimu, kaka yangu, fundi wa nguo, Tunda

Salamu zikufikie hapo ulipo kwenye mashini yako, wewe pamoja na wifi yangu Safi na watoto. Mimi mudogo wako Mwavita ni muzima. Nakuambia bila kuulizwa, kwa sababu tangu mwezi wa tisa sijaona hata mustari mumoja kutoka kwako. Nimesema pengine Tunda wino umekwisha, ao umejishona vidole pamoja na suruali ya muntu.

Habari za hapa: mvua imekula nyasi za paa upande wa jiko, kwa hiyo siku hizi sichoti maji ya kupikia, yanajileta yenyewe. Mupunga umekubali. Ndugu yetu Assani, ambaye kwa maneno yako anafuga mbuzi kule Tabora na ameoa muke munene, bado hajatuma salamu. Miaka ishirini na sita sasa. Lazima wale mbuzi wamekuwa wengi mno, hapati nafasi ya kushika kalamu.

Sasa jambo lenyewe. Mwanangu Abedi amekwenda ofisi ya Bwana Mukubwa kutoa jina lake awe askari. Hakukamatwa. Hakutolewa na shefu wa kijiji. Alioga, akapaka mafuta, akaenda na miguu yake, akasimama kwenye mustari akasema, "Niandike." Karani alishangaa mpaka akamuuliza kama ana homa. Mimi aliniambia jioni, tonge liko mukononi, kama muntu anayesema kesho anakwenda sokoni.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikachoka, nikaanza kumushonea mufuko wa safari. Mutoto ana miaka kumi na nane, baba yake yuko kaburini, na mwaka huu sirikali inataka watu kila pembe: wa kugema mupira, wa migodi, wa barabara. Asipokwenda kwa kupenda kwake atakwenda kwa kupenda kwa shefu. Basi heri hivi. Nimeamua kumusindikiza mimi mwenyewe mpaka kwenye meli, muchana kweupe, kila muntu aone.

Lakini yeye ana sharti moja. Anataka maji ya mujomba. Desturi unaijua: mutoto akienda mbali, mujomba anakunywa maji kwenye kibuyu, anamupulizia kifuani, anamutaja kwa jina lake na kumwambia aende na arudi. Bila hayo, amesema, hapandi meli. Na askari aliyeandikwa asipopanda meli, unajua vizuri anakuja kutafutwa na watu wa namna gani. Meli inaondoka mwezi wa sita kwenda Lokandu, kwenye kambi wanakofundishwa. Una miezi minne. Kutoka Tunda mpaka Kibombo utatembea, kutoka Kibombo mpaka hapa treni itatembea kwa niaba yako.

Naandika kwa herufi za chuoni, za Kiarabu, zile alizotufundisha baba. Abedi amesoma kwa mapadri, hizi anaziona miguu ya kuku tu. Kwa hiyo ukitaka kunitukana, nitukane bila wasiwasi. Barua namupa Okito, yule wa breki kwenye treni.

Ni mimi uliyenisahau,
Mwavita


Tunda, 8 Machi 1942

Kwa Mwavita, dada wa pekee niliyepewa, na Mungu anajua kwa nini alinipa mumoja tu

Barua yako imefika. Okito alikaa nayo wiki tatu ndani ya kofia yake, anasema aliisahau. Kichwa kile hakijawahi kubeba kitu kizito namna hiyo. Huku hatujambo, isipokuwa muguu wangu wa kushoto, ule wa kukanyaga mashini, umevimba tangu mwaka mupya. Safi anakusalimu. Meno yanamuuma, kwa hiyo nyumba iko kimya, namushukuru Mungu.

Nimesoma habari za Abedi. Hongera sana. Umemuzaa, umemunyonyesha, umemupeleka shule akajua kuhesabu, ili aende kuhesabu hatua: moja, mbili, moja, mbili. Nimewaona wakipita Kibombo. Wanapewa kofia nyekundu yenye kishada, nzuri kabisa. Viatu sikuviona. Sirikali yetu hii, Bulamatari, ina akili: muntu akivishwa vizuri kichwani hatazami chini. Miaka saba, Mwavita. Mutoto wako atakaa miaka saba chini ya kishada.

Kuhusu mimi kuja Kindu, haiwezekani. Kwanza muguu. Pili, matarishi wa shefu wameniletea kaptula thelathini, na wao hawajui neno ngoja. Tatu, barabara ya Kibombo imeliwa na mvua. Nne, vita mimi naijua, siwezi kumupulizia muntu maji ili aifuate. Mwambie aje huku nimufundishe kushona. Sindano inachoma, ni kweli, lakini inachoma kidole tu.

Na maji ya mujomba si dawa kwamba lazima yatoke kinywani mwangu. Kindu iko wazee wengi wenye vinywa. Tafuta mumoja ambaye bado ana meno, yasimwagike njiani.

Ndugu yako,
Bulaimu


Kindu, 29 Machi 1942

Kwa Yaya Bulaimu, shujaa

Pokea salamu, wewe na muguu wako. Okito anakuletea majani ya kuchemusha, uukande asubuhi na jioni. Ukipona haraka usiogope, utapata ugonjwa mwingine, nina imani nawe. Wifi mupe pole ya meno.

"Vita mimi naijua." Maneno hayo niliyasoma mara tatu, nikacheka mpaka nikamwaga mboga ya sombe. Sawa, Yaya. Unaijua. Tuendelee.

Abedi amekwisha pimwa. Waliwapanga mbele ya dispensari bila nguo, munganga akawafungua midomo akawahesabu meno, akawagonga migongo, akawaambia waruke, wageuke, wakohoe. Nimeona watu wakichagua mbuzi sokoni kwa heshima zaidi. Angalau mbuzi haambiwi akohoe. Waliofaa walipigwa muhuri wa wino kifuani. Wangu amerudi na muhuri wake, anakataa kuoga usifutike. Nilimwambia askari anayenuka adui atamusikia kabla ya kumuona. Akaoga. Lakini alijishika kifua na mukono muda wote.

Sasa sikiliza vizuri, na uketi kwanza. Aliniomba nimusomee barua yako. Nilimusomea. Ila, kama unavyojua, macho yangu siku hizi si mazuri. Pale ulipoandika "haiwezekani", nilisoma "inshallah nitafika". Pale ulipoandika kaptula thelathini, nilisoma "nitaziacha kaptula zote kwa ajili ya mutoto wa dada yangu". Pale pa muzee mwenye meno, nilisoma kwamba meno yako yote yako nje kwa furaha. Nilisoma vizuri sana. Hata mimi nilianza kukupenda.

Nilitaka tu asinitazame na yale macho. Sasa ametangaza mutaa muzima kwamba mujomba wake anakuja. Jirani yangu Albertine ameahidi kuku. Kila jioni Abedi ananiuliza tutakulaza chumba gani. Kwa hiyo unakuja, Yaya. Si mimi niliyesema, ni wewe, kwa barua yako mwenyewe.

Mudogo wako,
Mwavita


Tunda, 21 Aprili 1942

Kwa Mwavita, musomaji hodari

Huku ni wazima. Muguu umepungua, nisikudanganye, maana kazi ya kudanganya umeishika wewe. Safi aling'oa jino moja, na sauti yake imerudi yote. Mimi nimerudia kulala karibu na mashini.

Umefanya jambo zuri kabisa. Umechukua kalamu yangu, umeandika na mukono wangu, umesema na kinywa changu, sasa umebakiza kutema maji yangu. Tema, basi! Aliyeweza kunipeleka Kindu kwa kusoma tu, atashindwa na kibuyu?

Sitakuja. Usiniulize tena kwa nini. Lakini ili mutoto asione aibu mbele ya Albertine na kuku wake, nitamushonea kanzu ya kuvaa siku ya safari. Kitambaa kizuri ninacho, cheupe, nilikiweka siku nyingi. Usijisumbue kunitumia vipimo, vipimo ninavyo. Vijana wa familia yetu mwili wao ni mumoja.

Na tafadhali, acha kunichokoza na habari za Assani. Kila barua mbuzi, kila barua Tabora. Assani alikwenda kwa kutaka kwake. Alikuwa mwanaume kamili, mabega mapana kuliko yangu, aliona misafara ya vita inapita na kofia zao akataka. Hakurudi kwa sababu kule aliona maisha ni mazuri. Muchuuzi mumoja wa Kasongo alinihakikishia alimuona na mbuzi wake. Mimi ndiye kaka mukubwa, mimi njo najua. Wewe ulikuwa mutoto, ulikuwa unacheza na kuku.

Bulaimu


Kindu, 5 Mei 1942

Kwa Bulaimu

Sisi wazima, mupunga muzima, paa bovu. Salamu zimekwisha.

Mabega mapana kuliko yako. Alitaka mwenyewe. Alipenda kofia. Umeyasema hayo miaka mingi mpaka nafikiri umeanza kuyaona. Sasa nitakuambia niliyoyaona mimi, mara moja tu, halafu tutarudia kutukanana kama watu wenye adabu.

Mwaka ule wa wapagazi nilikuwa na miaka tisa. Matarishi walikuja kutafuta watu wa kubeba mizigo ya vita mpaka Tabora, kila nyumba mumoja, na kwetu jina lililoandikwa lilikuwa Bulaimu. Wewe ulikuwa ndani ya ghala, nyuma ya mupunga. Ulikaa siku tisa. Je, uliwahi kujiuliza chakula kinaletwa na nani? Ulifikiri ni mama. Mama, matarishi walikuwa wanamutazama kila hatua. Alikuwa ananipa mimi kibakuli, mimi naenda nacho kama naenda kulisha kuku, nakisukuma kwenye tundu la chini, na mukono unatoka unakichukua. Niliujua kwa ile alama ya kuungua pasi. Basi ni kweli, nilikuwa nacheza na kuku. Kuku mwenyewe ulikuwa wewe.

Siku ya tisa walisema bila muntu watamuchukua baba. Baba akamushika Assani mukono, akamusukuma mbele yao, akasema, "Huyu njo Bulaimu." Assani hakukana. Walimufunga kamba ya shingo pamoja na wengine, wakaondoka naye hata chai ilikuwa haijapoa. Hakuna aliyemusindikiza. Hakuna aliyemupa maji, mujomba wetu alikuwa Nyangwe, nani angekimbia kumwita? Aligeuka mara moja, akatazama ghala. Alijua uko humo. Akafunga mudomo, akaenda na jina lako.

Baba aliniapisha nisiseme. Baba amekufa, mama amekufa, mimi nimebaki na kiapo peke yangu, nimekichoka. Sijawahi kukuchukia. Ulikuwa kijana, uliogopa, hata mimi ningejificha. Ninachokichukia ni wale mbuzi. Kwa ajili ya mbuzi wako mama alikufa anatazama njia. Kwa ajili yao Assani hajasomewa hitima mpaka leo, maana nani anamusomea hitima muntu anayekamua maziwa Tabora?

Njo kwa sababu hiyo wangu namusindikiza muchana, kwa jina lake mwenyewe, na maji kifuani. Sikuambii uwe shujaa. Nakuambia ukunywe maji na uyateme. Hata mutoto wa miezi sita anaweza.

Meli ni tarehe 14 Juni.

Mwavita


Kindu, 27 Mei 1942

Kwa Yaya Bulaimu

Salamu. Okito ameapa kwamba barua yangu alikupa mukononi, hakuiweka kofiani safari hii. Amesema uliisoma ukiwa umesimama, ukamwambia asante, ukafunga mulango. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, na wateja wawili nje.

Abedi amenyoa. Ametengeneza kitanda chako kwa mikono yake, kamba mupya, kinakaza vizuri. Amepima urefu kwa kulala yeye mwenyewe, anasema mujomba hawezi kumupita. Nimebaki na uongo wangu, wewe na wako, tumekuwa familia tajiri.

Andika hata neno moja. Nitalisoma kama lilivyo.

Mwavita


Tunda, 6 Juni 1942

Kwa dada yangu Mwavita

Natumaini hujambo, na Abedi hajambo. Sisi huku tupo.

Nilikuwa nataka kuanza na maneno ya kukuchoma kidogo, ndivyo tulivyozoea, nimekaa na kalamu toka asubuhi hayaji. Basi nitasema hivi hivi.

Ni kweli yote. Hata kibakuli. Nilijua si mama, kwa sababu mukono uliokisukuma ulikuwa mudogo. Sikutaka kujua ni nani.

Muchuuzi wa Kasongo hakuna. Nilimutengeneza mimi, mwaka ule mama alipokataa kula. Akala. Kesho yake akauliza mbuzi ni wangapi. Nilisema watatu. Baadaye ilibidi wazae.

Ndani ya furushi hili kuna kanzu. Nilikuambia vipimo ninavyo. Wakati ule nilikuwa najifunza ushonaji, futi ya kupimia sikuwa nayo, nilikuwa napima kwa kamba na mafundo: fundo la bega, fundo la mukono, fundo la urefu. Nilikuwa nimemupima Assani kanzu ya Idi, wiki moja kabla ya matarishi. Kamba ile ninayo. Kila nilipohama nilihama nayo. Wiki hii nimeikunjua nikakata kitambaa juu yake. Imekaa sana, pengine imejikunja kwa uzee, maana niliona inatoa nguo ndogo kidogo. Nimeongeza vidole viwili kila upande.

Kuja siwezi. Muguu umepona, sitausingizia. Siwezi kusimama gatini hapo nikamwambia mutoto wako "nenda", na kinywa hiki. Lakini nilikunywa maji, nikayapulizia juu ya kanzu, nikamutaja Abedi kwa jina. Avae. Mwambie ni maji yangu, yamekauka njiani tu.

Kaka yako,
Bulaimu


Kindu, 15 Juni 1942

Kwa Yaya Bulaimu

Natumaini salamu hizi zitakukuta umeketi. Sisi wazima. Mutoto wako amekwenda jana.

Furushi lilifika siku moja kabla. Albertine alikuwa hapa, na kuku wake amekwisha iva, kwa hiyo watu walikuwa wengi. Abedi alifungua, akaona kitambaa cheupe, mushono wa shingo ule unaoujua wewe tu, akafurahi, akavua shati akaiingiza kichwani. Ikakataa. Kichwa kilipita, mabega yakagoma. Alivuta, ikafika hapo kifuani, mikono imesimama juu kama muntu aliyeambiwa usitikisike. Watu walicheka, na mimi nilicheka, na yeye akacheka ndani ya kanzu. Nikamusaidia kuivua. Nikasema fundi wa Tunda amezeeka, sasa anashonea watoto.

Halafu niliishika hivi, mbele yangu, nikaona.

Yaya, ile ni nguo ya mutoto. Mukono unaishia hapa kwenye kiwiko cha Abedi. Urefu unafika gotini. Nayo ni baada ya vidole vyako viwili kila upande. Mwanaume kamili, mabega mapana kuliko yako! Nimeishi miaka ishirini na sita na Assani mukubwa, kwa sababu mimi nilikuwa mudogo na nilimutazama kutoka chini. Wewe ulimupima. Kamba yako haijajikunja. Unajua kwamba haikujikunja, usingeongeza vidole.

Nililia mbele ya watu wote. Albertine alifikiri ni kwa sababu ya kitambaa kuharibika.

Watu walipokwenda Abedi aliniuliza kipimo hiki ni cha nani. Nikachukua barua yako nikamusomea. Safari hii sikuongeza neno, sikupunguza. Nikamusomea na zile za nyuma, na jinsi ulivyokataa kuja, na jinsi nilivyomudanganya. Nilifikiri atakasirika. Akaniuliza jambo moja tu: "Alikuwa na miaka mingapi?" Nikahesabu. Kumi na nne. Sikuwahi kuhesabu.

Akasema, "Basi wao walimupeleka mutoto, na mujomba ananiogopa mimi."

Asubuhi aliikunja kanzu akaifunga kifuani chini ya shati, juu ya pale palipokuwa muhuri. Akasema maji yaliyokauka si maji, lakini atapanda meli, kwa sababu muntu mumoja wa nyumba hii alikwisha kwenda bila maji, na yeye ana bahati ya kuwa na mama gatini. Nilimusindikiza, Yaya. Nilivaa nguo zangu zote nzuri. Karani alipoita jina lake alijibu kwa sauti, jina lake mwenyewe. Nilipiga kelele za shangwe peke yangu mpaka walinzi wakageuka. Meli ilipopiga honi nilipiga zaidi. Nimerudi sina sauti, na kitanda chako kiko hapa, mupya, hakuna aliyekilalia.

Aliniachia neno la kukuambia. Amesema: "Mwambie mujomba Lokandu si Tabora. Muntu anafika na kurudi."

Mwavita


Lokandu, 5 Julai 1942

Kwa mudogo wangu Mwavita

Salamu kutoka Lokandu. Ndiyo, umesoma vizuri, usipanguse macho. Mimi ni muzima, muguu ni muzima, nimeumwa na mbu wa sirikali.

Barua yako niliipata Jumatatu. Jumanne niliwaachia matarishi kaptula zao, kumi na mbili bila mufuko, watie mikono mahali pengine. Okito alinipandisha treni nyuma kabisa, karibu na breki yake. Kindu nilipita. Usikasirike. Nilifika mpaka kwako, niliona paa, kweli ni bovu, niliona moshi wa jiko. Nilisimama hapo muda murefu kama muntu anayetafuta anwani. Kisha nikasema, nitaingiaje na mikono mitupu? Nikashuka gatini nikangoja meli.

Hapa wageni ni Jumapili, mulangoni tu. Sajini aliniuliza mimi ni nani na nataka nini. Nikamwambia naitwa Bulaimu, na niliandikwa mwaka 1916. Akanitazama kuanzia ndevu mpaka miguuni, akasema, "Muzee, umechelewa." Sijawahi kusikia Muzungu wala Muafrika wa sirikali akisema kweli kama hiyo.

Abedi alitoka. Kofia wamemupa, viatu hapana, nilikuambia. Ni murefu, Mwavita. Nilikuja na maneno mengi niliyoyapanga kwenye meli, yote yakanikimbia. Nikatoa kibuyu, nikanywa, nikamupulizia kifuani. Sikulenga vizuri, nusu ya maji ikamwendea sajini. Nikamutaja kwa jina: Abedi. Nikamwambia aende na arudi. Kisha nikanywa tena, na hilo sikulipanga, nikatema chini, upande wa mashariki, nikamutaja na mwingine kwa jina lake. Jina lake, siyo langu. Abedi alinishika bega. Nililia mulangoni pa kambi mbele ya vijana arobaini, na hakuna hata mumoja aliyecheka.

Nilimupima kabla hajarudi ndani, kwa kamba mupya. Nitamushonea nyingine ya siku atakayorudi. Ile ndogo amenirudishia, iko hapa kwenye mufuko wangu pamoja na kamba yake.

Napanda meli ya Ijumaa. Safari hii nitabisha mulango. Usipike sana, na usiseme kwa majirani kwamba mimi ni shujaa, maana unapenda kuongeza. Nenda kwa mwalimu wa chuo, umwambie tuna hitima ya kusoma, imechelewa. Akikuuliza ni ya nani, mwambie ni ya Assani, ndugu yetu, aliyekuwa na miaka kumi na nne.

Na akikuuliza habari za Tabora, kwa sababu muji muzima niliwasimulia, mwambie Bulaimu amesema mbuzi hawakuwepo.

Kaka yako,
Bulaimu